Muuaji wa Vifungo Kwenye Foleni ya Maji

Kila asubuhi, kabla ya kwenda shule, Fabiola aliteremka na bidoni mbili za njano, yaani madumu ya maji, hadi kwenye bomba la mtaa wao, huko Cimpunda, juu ya vilima vya Bukavu. Maji yalitoka kidogo kidogo, na foleni ilikuwa ya bidoni, si ya watu. Uliweka bidoni yako nyuma ya nyingine, kisha ukaketi pembeni kupiga soga huku yenyewe ikikushikia nafasi. Lakini zamu ikifika na mwenyewe huitikii, bidoni ilirudishwa nyuma kabisa. Hapo hapakuwa na mjadala, maana msimamizi wa foleni alikuwa Maman Agathe, mshonaji mwenye sauti ya kutosha mitaa mitatu.

Mwezi ule Fabiola, msichana wa miaka kumi na miwili, alikuwa hayupo hata pale alipokuwepo. Tonton Guy, mdogo wa mama yake, muuza vitabu vikuukuu kule Nyawera, alikuwa amemwazima riwaya ya Kifaransa yenye jalada jeusi. Humo ndani kulikuwa na muuaji aliyewamaliza watu wa mji mmoja wa baridi, mmoja baada ya mwingine, na kila alipoua aliacha kifungo cha shati mezani. Inspekta aliyemsaka alisumbuliwa na jino bovu. Fabiola hakuwahi kuogopa vile maishani mwake, wala kufurahi vile. Aliunguza maharage mara mbili. Mchana kweupe alichungulia nyuma ya mlango wa jikoni, akajicheka, kisha akarudi mbio kwenye kitabu chake.

Ubaya ni kwamba zamu ya maji ilimpita mara mbili, na mara mbili akachelewa shuleni. Mkuu wa shule alimwambia kwamba akichelewa mara ya tatu, hataingia darasani mpaka aje na mama yake. Mama yake alikuwa sokoni tangu alfajiri akiuza sambaza, dagaa wa ziwani, na mtu aliyemwachisha sambaza zake hakupokewa vizuri. Fabiola aliliwaza jambo hilo, akafungua kitabu ajisahaulishe.

"Fabiola, zamu yako," alisema Maman Agathe. Fabiola akageuza ukurasa. Maman Agathe akamwendea, akakichomoa kitabu mikononi mwake. "Mutoto, iko nini humu inakupoteza akili hivi?"

Fabiola hakuwa na pa kujificha. Akaanza kusimulia habari za muuaji, vifungo na jino la inspekta. Soga zikakoma. Maman Pascaline, aliyepanga chumba kwa Maman Agathe na hakukosa misa hata siku moja, alifanya ishara ya msalaba.

"Miye sipendi kusikia mambo ya kuua batu," alisema, huku akisogeza bidoni yake aikalie karibu zaidi. "Halafu? Ule wa tatu alikufa namna gani?"

Siku hiyo hiyo Maman Agathe alitoa hukumu. "Tangu leo bidoni za huyu mutoto zitakaa mbele. Lakini kila asubuhi anatupatia kipande kimoja."

Maisha yakawa matamu. Fabiola alijaza maji wa kwanza, akawahi shule, na akina mama wazima walimngoja kama redio ya habari. Walibishana juu ya muuaji kuliko walivyobishana juu ya bei ya makaa. Wengine walimshuku daktari, wengine mwuza mikate. Hakuna aliyemshuku bibi mwema aliyempangisha inspekta chumba na kumpelekea supu kila jioni.

Kisha likatokea la kutokea. Fabiola alifika pale inspekta anaposema, "Sasa nimejua ni nani," akageuza ukurasa, akakuta jalada tupu. Kurasa za mwisho hazikuwepo. Alikimbia hadi Nyawera.

"Ah, hizo zilichomoka zamani," alisema Tonton Guy bila wasiwasi. "Labda nilizitia mu karatasi za kufungia, zile ninauzia wachuuzi."

Usiku ule Fabiola hakulala vizuri. Akisema hajui mwisho, nani atamwachia tena nafasi ya mbele? Asubuhi akina mama walimzunguka, na mdomo wake ukatangulia kabla ya moyo. "Ni daktari," alisema.

"Nilijua," alisema Maman Pascaline.

Maman Agathe hakuridhika. "Na vifungo? Dokta na vifungo, wapi na wapi?"

"Alikuwa... anapenda vifungo," alisema Fabiola.

Maman Agathe alitikisa kichwa. Hata hivyo wengine walimpongeza, wakaamua bidoni zake zikae mbele mpaka mwisho wa muhula, kama shukrani. Tangu hapo Fabiola alijaza maji bila kumtazama Maman Agathe usoni.

Siku nne baadaye, Carmel, muuza karanga wa pale bombani, alimpa Fabiola karanga bure, ndani ya kikoni cha karatasi iliyoviringwa, kwa sababu ya hadithi yake. Fabiola alizitafuna, akakunjua karatasi kwa mazoea ya msomaji, akaona jina la inspekta. Akasoma mstari kwa mstari. Muuaji alikuwa yule bibi wa supu, aliyekuwa akimshonea inspekta vifungo vya mashati yake.

Angeweza kuikunjakunja karatasi ile akaitupa. Hakuna mwingine aliyeiona. Lakini wakati huohuo Maman Pascaline alishikwa na kikohozi kilichokuwa kikimsumbua kwa wiki tatu.

"Bado haujaenda ku dokta?" Maman Agathe alimuuliza.

"Miye? Tangu ile hadithi, nikiona koti nyeupe, miguu inakataa."

Fabiola alizitazama bidoni zake pale mbele, akamwaza mkuu wa shule, akawaza sambaza za mama yake. Kisha akasimama, karatasi mkononi.

"Niliwadanganya," alisema. "Kurasa za mwisho hazikuwepo. Mambo ya daktari niliyatoa kichwani mwangu. Ukweli uko hapa, ndani ya karanga."

Maman Agathe alizibeba bidoni mbili za Fabiola, akazipeleka nyuma kabisa. Aliporudi alimgeukia Carmel. "Mwaga karanga zote mu beseni. Tunataka karatasi."

Vikoni thelathini vilikunjuliwa asubuhi ile. Walipata kurasa tano na nusu, na Fabiola, akiwa wa mwisho kwenye foleni, aliwasomea zote mpaka mwisho. Kulipokaribia saa moja na nusu, saa ya kengele ya shule, bidoni zake zilikuwa bado kavu, na macho yake yalikuwa yamelowa.

Maman Agathe akamshika bega. "Sikia, mutoto wangu. Kutunga hadithi si kosa, na hii nimeipenda kabisa. Lakini tulikuuliza kitabu kinasema nini, weye ukatupatia bongo, uongo wa kichwa chako, na mama wa watu akaogopa dawa. Ungesema tu, 'Sijui, kurasa hazipo,' tungezitafuta pamoja. Unaona zilikuwa wapi? Hatua kumi kutoka hapa. Mutu anayesema 'sijui' anapata wasaidizi. Sasa kimbia shule. Bidoni tutakujazia na kuzipandisha sisi."

"Na miye leo ninaenda ku dokta," alisema Maman Pascaline. "Masikini, nilimuonea bure."

Fabiola alikimbia, na akaingia uani mwa shule kengele ikiwa bado inalia. Lakini kabla hajapinda kona ya bomba, alikuwa amemsikia Maman Agathe akisema kwa upole, "Vizuri, Pascaline. Ukirudi, nitakuletea supu."

Maman Pascaline aliinamisha kichwa, akavitazama vifungo vya blauzi yake, alivyoshonewa na Maman Agathe wiki iliyopita.

"Asante," alisema polepole. "Lakini leo utaionja weye kwanza."