Maji ya Mara ya Kwanza

"Mi nashuka," Gérard akasema, akafungua mlango wa ndege huku injini ingali inanguruma. "Leo uruke peke yako. Zunguka mara moja, utue."

Amuri akamshika mkono.

"Mwalimu, hapana leo, tafadhali!"

"Unaogopa kuruka?"

"Siogopi kuruka. Naogopa ile ndoo."

Gérard akacheka. Desturi ya marubani njo hiyo: mwanafunzi akiruka peke yake mara ya kwanza, akishuka humwagiwa maji mbele ya watu. Na watu leo, jamani, walikuwa tele! Jumamosi ya salongo, ile kazi ya lazima ya wote, mtaa mzima wa Mikelenge umeletwa kufyeka nyasi za kiwanja cha ndege kwa amri ya chama. Kati yao alikuwa Aziza, mchumba wa Amuri, pamoja na mama yake, Mama Halima.

Sasa ubaya uko hapa. Mama Halima alikwisha kusema waziwazi kwamba binti yake hampi mutu anayejifunza-jifunza. Amuri, kwa kiherehere chake, akaapa kwamba yeye huendesha ndege mwenyewe, peke yake, mpaka Kalima na kurudi. Mahari ikapokelewa, ndoa Ijumaa. Kumbe safari zote za Kalima Gérard alikuwa pembeni yake!

"Ukikataa leo, ndege yangu hutaigusa tena," Gérard akasema, akafunga mlango.

Basi Amuri akaruka. Bila mwili mnene wa Gérard, ndege ikapanda upesi. Chini mapanga yalisimama, nyuso zote juu. Angepaswa kufurahi. Wapi! Masikio yaliwaka kwa haya. Akatua vizuri kabisa, huku akitamani kiwanja kisiishe.

Aliyemngoja na ndoo alikuwa Aziza. Gérard ndiye aliyempa, maskini, hana habari ya kile kiapo.

"Bwana Gérard anasema hii njo mara yako ya kwanza peke yako," Aziza akasema. "Nimemwambia amekosea. Amekosea?"

Mama Halima alikuwa nyuma yake, panga mkononi. Watu wakasogea.

"Hakukosea," Amuri akajibu. "Mi njo nilidanganya. Niliogopa utaozwa mutu mwingine."

"Uliapa mbele ya baba yangu!"

"Niliapa. Naona haya, Aziza. Hata kukutazama siwezi."

Mtu mmoja akacheka. Aziza akaweka ndoo chini, machozi yanamtoka.

"Mama, turudi nyumbani."

Amuri akapiga magoti.

"Mama, mukivunja ndoa sitalalamika. Lakini musiache watu waseme Aziza alijua. Hakujua."

Mama Halima akachomeka panga ardhini.

"Simama. Ijumaa utakuja. Kabla shehe hajafunga ndoa, utasema maneno haya mbele ya wanaume wote. Ukishindwa, mahari yako utarudi nayo."

Ijumaa Amuri akasimama, kanzu imelowa jasho, akasema yote. Baba ya Aziza aliinamisha kichwa, kisha akatuma mjomba aulize ridhaa ya binti nyuma ya pazia. Mjomba akakawia, watu wakaanza kukohoa.

Akarudi peke yake.

"Hajajibu," akamwambia Amuri. "Anauliza, umesema kweli yote, ao iko ingine imebaki?"

Amuri akatazama mkeka.

"Iko moja. Siku ile kule juu, peke yangu ndani ya ndege, nililia."

Wazee wakainama kuficha kicheko. Amuri hakuinua uso. Kutoka nyuma ya pazia Aziza akaita mwenyewe, bila kungoja mjomba:

"Nakubali!"