Bwana Sifuri na Maneno ya Ukweli

Duka la fotokopi lilijaa watu hadi mlangoni. Mwalimu alikuwa amevaa gauni la bluu lenye mifuko mikubwa, mikononi kashika kadi za somo lake la Kiingereza la jioni chuoni. Mtu mmoja aligeuka ghafla na begi la vifaa, kadi zote zikamwagika chini.

"Samahani, dada yangu! Begi langu halina macho."

"Na mwenye begi je?"

"Mwenye begi anayo, lakini yalikuwa yakikutazama wewe."

Mwalimu alijitahidi asicheke, akashindwa. Yule bwana alikuwa fundi lifti, ovaroli yake ya kijivu imepigwa pasi kama suti. Alipiga magoti kuokota kadi.

"Unafundisha Kiingereza? Mimi sijui hata neno moja!"

Uongo ulimtoka kabla hajaufikiria. Kwa miaka tisa alikuwa akisoma vitabu vya lifti kwa Kiingereza, na kubishana kwa simu na watengenezaji wa ng'ambo. Lakini alitaka kuliona tena lile gauni la bluu.

Akajiandikisha darasani. Kwa miezi mitatu alikosea kila jaribio kwa makusudi, na kila jioni Mwalimu alimbakiza nusu saa amfundishe upya. Wenzake wakambatiza Bwana Sifuri. Nusu saa ikazaa matembezi, matembezi yakazaa simu za asubuhi.

"Umeamkaje, Bwana Sifuri?"

"Salama, laazizi. Nimeota nimepata mia."

"Anza kwa kuota tano, mpenzi."

Mwalimu alicheka, kisha akakata simu na kukaa kitandani. Kama nashindwa kumsaidia hata huyu ninayempenda, aliwaza, mimi ni mwalimu gani? Akaandika barua ya kuacha kazi.

Wiki hiyo somo lilikuwa maneno ya ukweli. Ubaoni aliandika *honest*, *sincere*, *frank*, na chini yake *to come clean*: kusema hatimaye kile ulichokuwa unakificha.

"Tungeni sentensi."

Fundi alishika kalamu. Alitaka kukosea kama kawaida, mkono ukakataa. Karatasi yake ilirudi tupu. Mwalimu aliitazama, akachukua barua yake na kuingia kwenye lifti kuelekea kwa mkuu wa chuo, ghorofa ya tano.

Baina ya ghorofa ya tatu na ya nne, lifti ikakwama.

"Fundi!" Mwalimu aliita kwenye simu. "Nimo ndani. Siwezi kupumua."

"Nakuja, usiogope. Nakuja!"

Alipanda ngazi mbilimbili. Kwenye kisanduku cha mitambo, kando ya mlango wa lifti, iliwaka alama ambayo hakuwahi kuiona. Ni watengenezaji tu waliojua maana yake. Nyuma ya mlango alisikia Mwalimu akihema. Akiwapigia simu kwa Kiingereza, uongo wake utajulikana. Akapiga.

Kwa dakika kumi Kiingereza kilimtoka bila kigugumizi. Humo ndani Mwalimu aliacha kuhema, akasikiliza. Sarufi yote ambayo kwa miezi mitatu alidhani haimwingii ilikuwa mahali pake.

Mlango ulipofunguka, Mwalimu alimtazama mara moja tu, akashuka kwa ngazi.

Siku mbili hakupokea simu za Fundi. Siku ya tatu alipiga mwenyewe.

"Barua ya kuacha kazi ilikuwa kwenye begi langu mle kwenye lifti. Ulijua?"

"Sikujua." Fundi aliketi chini palepale alipokuwa. "Nisamehe. Kiingereza nilikijua tangu mwanzo, nikawa nakosea makusudi. Niliogopa nikifaulu, zile nusu saa zitaisha."

Mwalimu akaanza kucheka, kicheko cha mtu aliyetua mzigo mzito.

"Kumbe si mimi niliyeshindwa! Jamani, najua kufundisha! Nimeichana, ile barua. Lakini wewe bado una karatasi tupu. Njoo uimalize."

Fundi alikuja amevaa shati jeupe, karatasi imekunjwa mfukoni. Mwalimu aliisoma wakiwa wawili darasani. Sentensi zote za Kiingereza zilikuwa sahihi. Ya mwisho ilikuwa ya Kiswahili: *Mwalimu, sitaki tena kuwa mwanafunzi wako. Nataka kuwa mume wako.*

Mwalimu alichukua kalamu nyekundu, machozi yakimlengalenga.

"Mia?" Fundi aliuliza.

"Tisini na tisa. Hiyo moja utaipata kwa mama yangu, ukimweleza ukweli wote. Anzia kwenye fotokopi."