Namba Zilizokwanguliwa

Kila asubuhi Sindano alifungua kibanda chake mapema. Alifagia vipande vya nyuzi, akatia cherehani mafuta, akapasha pasi. Jirani zake walifanya vivyo hivyo. Mafundi cherehani walikuwa ishirini na watatu chini ya bati moja, mbele kabisa ya soko, palipo na mwanga. Huwezi kutunga uzi gizani.

Sindano halikuwa jina lake. Watu walimwita hivyo kwa ajili ya mikono yake. Wengine walisema ni kwa ajili ya ulimi wake.

Asubuhi moja alikuta karatasi imebandikwa nguzoni. Aliisoma kwa sauti ili wenzake wasikie.

"Mafundi cherehani wote watahamia nyuma ya soko, karibu na choo. Mkutano wa kuthibitisha ni Jumamosi, wiki tatu kuanzia leo. Mwenyekiti wa Soko."

"Kuthibitisha?" alifoka. "Hawajatuuliza, tayari wanathibitisha!"

"Tutasema mkutanoni," alijibu jirani yake mmoja.

"Utasema na nini? Umesahau?"

Sindano hakuwa amesahau. Mwaka uliopita Mwenyekiti alifunga bomba la maji la soko. Watu waliitwa mkutanoni. Sindano alisimama, akashika maiki, akasema, "Ndugu zangu." Maiki ikazimika hapo hapo. Uwanja ulijaa watu, na nyuma hakuna aliyesikia neno. Kabla ya hapo ilizimika mbele ya wauza mboga. Kabla ya wauza mboga, mbele ya wapagazi. Mwenyekiti aliposema, mashine ilikuwa nzima. Mwenye malalamiko alipofungua mdomo, mashine ikaugua.

Na kila mara karani aliandika maneno yale yale kwenye kitabu: "Hakuna aliyepinga."

Mashine hiyo ilishikwa na fundi mmoja wa redio pale sokoni. Watu walimwita Swichi, na kila mtu alijua kwa nini. Sindano alimfuata kwenye meza yake.

"Kaka, nataka kujifunza kuunda amplifaya, mashine ya kukuza sauti. Hata ndogo tu. Naanzia wapi?"

Swichi alicheka hadi akafuta macho. "Dada yangu, hizo ni kazi za wataalamu. Umeme utakurusha bure. Nenda kashone vifungo."

Alipokuwa akicheka, mkono wake haukutulia. Alikuwa akisugua kwa msasa kidude cheusi chenye miguu mitano.

"Unafanya nini hapo?"

"Nakisafisha," alisema, akakifunika kwa kiganja.

Sindano alirudi nyumbani amewaka. Mumewe alikuwa mchomeleaji wa mageti na madirisha. Watu walimwita Cheche. Alisikiliza habari yote, akapiga paja.

"Mama watoto, mimi naunga geti la lori kupita! Nishindwe na kisanduku cha sauti?"

Alikwenda duka la vifaa vya umeme, akaleta pakiti ya kujiundia amplifaya. Ndani mlikuwa na bodi ndogo, vipande vyake na karatasi ya mchoro. Karatasi hakuisoma. Aliunga vipande kama anavyounga mageti, kwa moto mwingi na risasi nyingi ya kulehemu. Kisha akaleta betri mbili za lori, akaziunganisha moja nyuma ya nyingine.

"Betri moja ni sauti ya mtu mmoja," alisema. "Mbili ni sauti ya umati."

Akagusisha waya.

Tap! Moshi ulipanda kutoka kwenye bodi. Spika ilikoroma mara moja, ikanyamaza.

Mlango uligongwa. Alikuwa jirani yao wa chumba cha pili, bibi mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Walimwita Bi Redio.

"Nani anachoma aisii humu?" aliuliza.

"Shikamoo, bibi. Umejuaje?"

"Marahaba. Miaka kumi na tisa nimeunganisha redio kiwandani. Harufu hiyo naijua kuliko harufu ya mboga zangu." Aliinua bodi, akaitazama, akamtazama Cheche. "Baba, hapa ulikuwa unaunda amplifaya au bawaba?"

Sindano alicheka kwa mara ya kwanza siku hiyo. Cheche hakucheka.

"Nieleze kosa langu, basi."

"Yako matatu. Kwanza, karatasi imeandikwa volti kumi na mbili, na mwisho kumi na nane. Betri mbili ulivyozipanga zinatoa ishirini na nne. Volti zikizidi, sauti haiongezeki. Aisii inakufa. Pili, umeibana kwenye bati la kupoza joto?"

"Lile bati lenye mapezi? Nilidhani ni pambo."

"Pambo! Aisii inachemka ikifanya kazi. Bila bati hilo itaungua hata kwa betri moja. Na tatu, risasi yako ni mabonge. Moja limeunganisha miguu miwili isiyotakiwa kukutana."

Sindano alisogea karibu. "Bibi, aisii ndiyo kile kidude cheusi chenye miguu?"

"Ndicho. Hicho ndicho moyo wa amplifaya. Sauti ya maiki ni ndogo sana, haiwezi kusukuma spika. Aisii inachukua nguvu ya betri na kuifanya sauti ile ile iwe kubwa. Ni hayo tu. Hakuna uchawi."

"Swichi alikuwa anakisugua kwa msasa. Alisema anakisafisha."

Bi Redio aliweka bodi chini.

"Anafuta namba. Kila aisii ina namba mgongoni. Namba ndiyo jina lake. Ukiwa nayo unapata karatasi yake ya maelezo: volti ngapi, mguu upi unakwenda wapi. Unanunua nyingine dukani, unajitengenezea. Swichi anazikwangua ili watu wabaki kumpigia magoti." Alivua miwani. "Hata kiwandani ilikuwa hivyo. Kila mmoja aliunga kipande kimoja tu. Ukiuliza kinafanya nini, msimamizi anakuambia unga, usiulize. Mimi nilisoma maandishi ya pakiti zilizotupwa, wakati wa chakula. Niliiba elimu kwenye pipa la taka! Kitu ambacho ningepewa kwa maneno mawili."

Sindano alivuta kiti karibu naye.

"Tufundishe," alisema Sindano. "Kwa maneno mawili."

Walinunua pakiti nyingine. Safari hii Bi Redio alikaa mezani, na Sindano akashika chuma cha kulehemu. Cheche aliambiwa afungue madirisha, maana moshi wa risasi si wa kuvuta.

"Soma mchoro wote kwanza," alisema Bi Redio. "Kipande kwa kipande, kama unavyotazama kitambaa kabla ya kukata. Hii kapasita, kikopo cha kuhifadhi umeme, ina upande wa chanya na upande wa hasi. Ukiigeuza inaweza kupasuka. Haya, unga. Pasha moto mguu na bodi kwa pamoja. Kisha leta risasi kidogo. Ikisambaa, ondoa chuma."

Sindano aliunga mguu wa kwanza. Risasi ilikaa kama kilima kidogo kinachong'aa.

"Mtazame huyo!" Bi Redio alipiga makofi. "Hiyo ndiyo kazi. Si yale matonge ya mumeo."

"Bibi, nimesikia," alisema Cheche. "Nimetubu."

"Basi unda sanduku. Acha matundu ya hewa."

Kwa kuwa sauti ya maiki ni dhaifu mno, waliunga pia bodi ndogo ya maiki. Hiyo huikuza sauti kidogo kwanza, kisha huipeleka kwenye bodi kubwa. Waliweka fyuzi kwenye waya wa chanya, karibu na betri, ili likitokea kosa iungue fyuzi na si aisii. Kabla ya kuwasha walipima chanya na hasi kwa mita ya umeme. Wakapima tena.

"Kwa nini tusitumie umeme wa ukutani?" aliuliza Cheche.

"Anayeanza haanzi na umeme wa ukutani. Unaua. Na mashine kubwa huhifadhi umeme ndani hata baada ya kuchomolewa. Anza na betri moja. Ukishajua, utaendelea."

Waliunganisha spika kuukuu. Sindano alisema, "Ndugu zangu." Spika ilipiga yowe kali, wote wakaziba masikio.

"Umesimama mbele ya spika," alisema Bi Redio. "Maiki inasikia spika, spika inasikia maiki, zinagombana. Spika iwe mbele yako, imetazama watu."

Sindano alihama. "Ndugu zangu," alisema tena. Nje, mtoto wa jirani aliuliza nani anahutubia.

Jumamosi ilifika. Uwanja ulijaa. Mwenyekiti alizungumza saa nzima, na mashine yake haikukohoa. Kisha akauliza, "Kuna mwenye la kusema?"

Sindano alisimama. Alipewa maiki. Alipofungua mdomo tu, ikazimika. Swichi alikuwa akitazama mawingu.

"Ah, mitambo," alisema Mwenyekiti. "Basi, karani, andika hakuna..."

"USIANDIKE!"

Sauti ilitoka pembeni, kwenye spika nyingine. Cheche alikuwa ameweka sanduku juu ya kiti, spika imewatazama watu. Sindano alikuwa ameshika maiki yake mwenyewe.

"Bomba la maji, mlitunyamazisha. Wauza mboga, mliwanyamazisha. Wapagazi pia. Leo nasikika mpaka kule nyuma kwenye choo mnakotupeleka! Karani, geuza ukurasa. Andika: fundi cherehani wa kwanza anapinga."

Alimpa maiki jirani yake. "Wa pili anapinga," alisema jirani. Wakaja wa tatu na wa nne. Walipofika ishirini na watatu, wauza mboga walikuwa wamepanga foleni, na wapagazi nyuma yao. Karani alitokwa na jasho. Mwenyekiti alimnong'oneza Swichi, lakini Swichi hakuwa na la kuzima.

Mafundi cherehani hawakuhamishwa. Bomba lilifunguliwa mwezi uliofuata.

Jioni ya siku ile ya mkutano, Swichi alikuja kibandani. Alizunguka sanduku mara mbili.

"Dada yangu," alisema taratibu, "mmetumia aisii gani humu?"

Mafundi wa vibanda vya jirani walisimamisha cherehani zao. Sindano alifungua kifuniko. Upande wa ndani alikuwa amebandika mchoro mzima. Chini yake, kwa chaki ya kukatia nguo, alikuwa ameandika namba ya kila kipande, kwa maandishi makubwa.

"Soma," alimwambia. "Hapa hatukwangui."