Fimbo ya Kupimia Petroli

Lori lilizimika kwenye mlima baada ya Ishiara, jua la saa nane likiwaka, na nyuma, chini ya turubai, Karimi alikuwa amelala mguu umemvimba hadi gotini. Nyoka, kifutu, alimuuma asubuhi akiokota kuni. Hospitali ilikuwa Embu, na kabla ya Embu palikuwa na geti la homugadi, askari wenyeji wa serikali ya kikoloni. Miaka ile ya Hali ya Hatari hakukuwa na mzaha: jua likizama geti linafungwa, na gari linaloonekana barabarani baada ya hapo linapigwa risasi bila kuulizwa limebeba nani.

Na lilizimika kwa nini? Ubahili tu! Mutembei, mwenye lori na mume wa Karimi, alikuwa amepenyeza kipande cha waya mwembamba kwenye tundu la kabureta ili petroli ipite kidogo kidogo. Kwenye tambarare, ukienda mwendo mmoja bila kukanyaga sana, lori lilikwenda vizuri na petroli ilidumu ajabu. Kila waliposimama alitumbukiza fimbo yake ndefu yenye alama ndani ya tangi, akaitazama, akatabasamu. Mlimani sasa injini ikakosa nguvu, ikachemka, ikakohoa, ikafa. Na madebe ya maji ya rejeta? Aliyaacha nyumbani. Uzito unakula petroli, alisema. Jamani, mtu huyu!

Dereva alikuwa Ndambiri, kaka yake Karimi. Alipofungua boneti mvuke ulimpiga usoni. Maji yaliyobaki yalikuwa nusu kibuyu, ya mgonjwa. Mutembei alikitazama kibuyu, kisha akaitazama rejeta.

"Hata usifikirie, shemeji," Ndambiri alisema.

Alitaka waya ung'olewe. Mutembei akakataa katakata: injini ipumzike kidogo, wakifika tambarare itatulia. Tambarare gani, na mlima wote uko mbele yao? Wakabishana mpaka Karimi akainua kichwa, midomo imepasuka kwa joto.

"Mnabishania petroli," alisema polepole. "Basi nipeni hiyo petroli ninywe."

Mutembei alichukua bisibisi mwenyewe, akafungua kabureta, na waya ulipogoma kutoka akaukamata kwa meno, petroli ikamchoma ulimi. Kisha akashuka mbio na fimbo na sufuria hadi kwenye mto mkavu chini ya barabara. Mchanga wa juu ulikuwa mgumu, akauvunja kwa fimbo, akaendelea kuchimba kwa mikono hadi kucha zikatoka damu. Maji yakajikusanya taratibu, ya matope. Akayachuja kwa shati lake, akapanda nayo, akamwaga kwenye rejeta, akashuka tena, akapanda tena. Safari ya mwisho Ndambiri alikuwa akimwita dada yake na dada haitikii.

Lori liliwaka. Ndambiri alikanyaga mafuta bila huruma.

Walipoliona geti, jua lilikuwa linazama na gogo la kufungia njia lilikuwa linashushwa. Mutembei alitoa mikono yote miwili dirishani, akapaza sauti kwamba wana mgonjwa. Homugadi mmoja alielekeza bunduki kwenye kioo, akazunguka nyuma, akainua turubai. Aliuona ule mguu. Akawaambia wenzake wainue gogo.

Karimi alipona, lakini vidole vya mguu vilioza, vikakatwa. Siku ya kumrudisha nyumbani, Mutembei alikuwa nje ya hospitali akipima petroli kwa mazoea yake, Ndambiri akimtazama kwa hasira, mara Mutembei akamwona mkewe mlangoni amejishikilia ukutani. Akaichomoa ile fimbo tangini, akaipangusa kwa shati, akaenda kumpa.

Karimi akainusa. "Inanuka petroli."

"Itaisha harufu."

"Na wewe utapimia nini?"

"Sipimi tena," Mutembei alisema.

Karimi akaiegemea kwa uzito wake wote, wakaanza kutembea kuelekea kwenye lori.