Nyumba ya Upande wa Kivuli

Kila alasiri, basi la shule lilipomshusha Benedita darajani, kazi ya ukalimani ilikuwa inamngoja. Kijiji cha Corte Velha, huko milimani katikati ya Ureno, kilikuwa kimebaki na wazee watupu, na wajuao Kiingereza walikuwa wa kutafuta kwa tochi. Basi huyu alimwita amsomee maelezo ya mashine mpya ya kufulia, yule alitaka amsaidie kuelewana na jirani Mholanzi aliyemwaga maji kwenye bustani isiyo yake. Benedita alikuwa na miaka kumi na miwili, na alijiona mtu muhimu kuliko diwani. Bibi yake, Idalina, alimtania kwamba siku hizi hata kuku hawatagi mpaka Benedita awatafsirie.

Mama yake alifariki Benedita akiwa bado mchanga. Baba yake, Custodio, alikuwa fundi mwashi, na kila joto lilipoisha alifunga begi akaenda Ufaransa kujenga nyumba za watu, akarudi Pasaka. Miezi hiyo yote Benedita alikaa na bibi, akimsikia baba kwa simu tu. Hakuna kitu alichokichukia kama lile begi.

Lakini mwaka huo baba alikuwa na mpango. Alikuwa amerithi nyumba ya mawe ya shangazi yake, ng'ambo ya kijito, na alikuwa ameitengeneza kwa mikono yake mwenyewe, paa jipya, sakafu mpya, jiko zuri. Wastaafu wa kigeni walikuwa wengi milimani. Walikuja na pensheni zao kutafuta utulivu na jua, na walipenda nyumba za mawe.

"Tukipata mmoja tu wa kuipanga mwaka mzima," baba alisema, "Ufaransa siendi tena."

Kulikuwa na jambo moja ambalo hakuna aliyelitaja mbele ya wageni. Ng'ambo ya kijito ndiko kulikoitwa upande wa kivuli. Mlima mrefu ulikuwa umesimama nyuma ya ile nyumba kama ukuta. Wakati wa joto jua lilipita juu yake na nyumba ikang'aa, lakini Novemba ilipoanza, jua lilipita chini zaidi angani, nyuma ya mlima, na nyumba haikuliona tena mpaka Februari. Watu wa zamani walikaa kule na mbuzi wao majira ya joto tu. Hata shangazi mwenyewe, baridi ikianza, alivuka daraja na kuhamia kwa Bibi Idalina, akashinda huko akilalamikia supu. Kila mtu wa Corte Velha alilijua hilo, ila wageni huja kuangalia nyumba mwezi wa Juni.

Mzee Arvid naye alikuja Juni. Alikuwa mtu mrefu, mwembamba, dereva wa treni mstaafu kutoka Norwei, mwenye viungo vibovu na fimbo ya kutembelea. Bibi Idalina alimpenda siku hiyohiyo. Alisema samaki mkavu wa chumvi anayeliwa Krismasi pale kijijini hutoka kwao mzee huyo, kwa hiyo si mgeni, ni ndugu aliyechelewa njiani.

Mzee Arvid aliingia kila chumba, akagusa kuta, akasifu sakafu. Mwishoni akasimama dirishani, akamgeukia Benedita.

"Mji wetu uko bondeni kama hapa," alisema kwa Kiingereza cha polepole. "Wakati wa baridi mlima hutuficha jua miezi mizima. Mke wangu alikuwa akikaa dirishani kulingoja. Tulipanga tukistaafu tuhamie penye jua, lakini yeye hakufika. Kwa hiyo nina swali moja tu. Wakati wa baridi, jua linaingia humu ndani?"

Benedita alilitafsiri swali kwa baba yake. Baba alijikuna shingo, akaangalia nje.

"Mwambie nchi yetu haina shida ya jua," alisema.

Hilo halikuwa jibu, na Benedita alijua kwamba halikuwa jibu. Angeweza kulitafsiri vilevile lilivyo, mzee akauliza tena. Lakini wageni wawili waliotangulia walikuwa wameuliza tena na tena, wakaondoka. Akalifikiria begi la baba.

"Ndiyo," akasema kwa Kiingereza. "Linaingia kila siku, mpaka jikoni."

Mzee Arvid alitabasamu. Hakumtazama baba hata kidogo, alimtazama Benedita. Juma hilohilo alilipa kodi ya mwaka mzima na kuhamia, na baba akalitupa begi lake darini.

Majira ya joto yalipita vizuri. Mzee Arvid alipanda nyanya, akamfundisha Benedita kupika mikate ya kwao, ya viazi, myembamba kama chapati. Kila alasiri Benedita alimpelekea mkate wa mahindi wa bibi, naye akampa hadithi za treni zilizonaswa thelujini. Benedita karibu asahau alichosema. Lakini Oktoba kivuli cha mlima kilianza kuteremka, kikameza bustani, kikafika kizingitini, na yeye kila akikiona aliikumbuka ile ndiyo yake.

Novemba Benedita alimkuta mzee amesogeza kiti dirishani.

"Jua limechelewa leo," alisema mzee.

Siku iliyofuata akasema labda ni mawingu. Angani hapakuwa na wingu hata moja. Benedita aliweka mkate mezani akamwambia labda kesho, na huo ukawa uongo wa pili.

Nyumba ilianza kunuka unyevu. Kuvu nyeusi ilitambaa ukutani nyuma ya kitanda, ile chokaa nzuri ya baba ikaanza kubanduka. Mzee Arvid alikohoa, na vidole vyake vilivimba hata akawa anashika kikombe kwa mikono miwili. Alikuwa amekimbia baridi isiyo na jua kwao, na Benedita alikuwa amemwingiza katika nyingine, tena bila wa kumsalimia kwa lugha yake.

Ndani ya basi la shule, rafiki yake Zulmira alimchokoza. "Eti mpangaji wenu analala na kofia na koti? Mama anasema mmemweka kwenye friji."

Watoto walicheka. Benedita alijifanya anaangalia nje. Nyumbani, Bibi Idalina alimuuliza kama yule mzee aliambiwa habari za mlima, naye akajibu kwamba hajui. Alianza kuuacha mkate mlangoni kwa mzee Arvid, akagonga na kukimbia, kwa sababu hakuweza kumtazama usoni.

Siku moja alipovuka daraja alisikia sauti ya msumeno. Mzee Arvid alikuwa mbele ya nyumba, shali shingoni, anakata mzeituni mkubwa wa shangazi uliosimama karibu na dirisha. Alikata kidogo, akakohoa, akaegemea shina, akakata tena. Damu kidogo ilikuwa imechuruzika kwenye kidole kimoja kilichovimba.

"Nimegundua," alisema alipomwona, akihema. "Ni mti huu. Ndio unaozuia. Wewe ulisema linafika mpaka jikoni, kwa hiyo lazima ni mti."

Mzee alikuwa ameushuku mti, ameyashuku mawingu, ameshuku kila kitu isipokuwa yeye. Benedita alimkimbilia, akaushika mkono wake pamoja na msumeno.

"Acha, tafadhali acha. Si mti, ni mlima. Jua haliji hapa mpaka Februari. Halijawahi kuja wakati wa baridi. Nilijua, nikakudanganya."

Mzee Arvid akauweka msumeno chini.

"Nilikuuliza wewe kwa makusudi," alisema. "Mwenye nyumba lazima aisifu nyumba yake, huyo simlaumu. Nikasema mtoto hana anachouza."

Akaingia ndani, akafunga mlango. Hakuubamiza. Benedita alitamani angeubamiza, au angemfokea, maana kile kimya kilimuuma zaidi. Alilia njia nzima.

Alimkuta baba uani anachonga mlango. Alimweleza yote, huku akijua kwamba kila neno linaweza kulishusha lile begi kutoka darini. Alipomaliza, baba alikaa juu ya mbao.

"Benedita, mimi Kiingereza sijui," alisema. "Lakini 'ndiyo' yao naijua. Hata mbuzi wa hapa wanaijua. Siku ile nilikusikia unasema ndiyo, na nilijua umeulizwa nini. Nikanyamaza."

"Nilitaka usiondoke, baba."

"Najua. Nami nilitaka nibaki, nikakuachia wewe uubebe uongo niliouogopa mimi. Hilo ni kosa langu kabla halijawa lako. Nawa uso twende."

Walivuka daraja watatu, kwa maana Bibi Idalina alikataa kubaki. Baba alivua kofia mlangoni. Alimwambia mzee Arvid kwamba walimdanganya, yeye na mwanawe, na kwamba atamrudishia kodi yake yote hata ikibidi kwenda kuitafuta Ufaransa. Benedita aliyatafsiri hayo neno kwa neno. Alipofika kwenye neno Ufaransa sauti ilimkatika, lakini alilisema.

Mzee Arvid aliitazama mikono yake. Alisema pesa zake haziwezi kumpa nyumba nyingine katikati ya baridi, na kwamba hana tena nguvu ya kufungasha na kuanza upya. Alichotaka ni jua tu.

Bibi Idalina, ambaye alikuwa ameshafika kwenye ile kuvu ukutani na kuikwangua kwa ukucha, aligeuka.

"Mahali penye jua kuliko pote kijijini ni ghala letu la mahindi," alisema. "Tulilijenga huko juu makusudi mahindi yakauke. Custodio, mahindi yetu yanalala pazuri kuliko mgeni wetu. Huoni aibu?"

Usiku huo mzee alilala kwa bibi, karibu na jiko, na mahindi yakahamishwa. Baba alifanya kazi bila kupumzika. Alitoboa madirisha kwenye ukuta wa kusini, unaotazama jua, akaweka sakafu ya mbao, bomba na jiko la kuni. Benedita alipotoka shuleni alikoroga udongo na kubeba mawe mpaka viganja vikatoka malengelenge, wala hakumlalamikia mtu. Kabla ya Krismasi mzee Arvid alihamia. Makubaliano yakawa hivi: baridi atakaa ghalani juani, na joto likirudi atavuka kwenda nyumba ya mawe yenye ubaridi wake, kama walivyofanya watu wa zamani. Wastaafu wengine walipoiona kazi ile, wawili kati yao walimtaka baba awarekebishie nyumba zao, na mwaka huo Ufaransa ikasahaulika.

Kikohozi cha mzee kilipungua. Lakini Benedita hakupata alichokitamani. Mzee Arvid alimsalimia, alimshukuru kwa mkate, ila kila Benedita alipomtafsiria jambo, alimgeukia Bibi Idalina na kumuuliza tena kwa vidole na ishara. Akimwambia duka limefungwa, mzee alikwenda kulitazama kwa macho yake.

"Nimekwisha omba msamaha," Benedita alimwambia bibi, machozi yakimlenga. "Nimebeba mawe. Anataka nifanye nini tena?"

Bibi alimkalisha karibu naye.

"Msamaha alishakupa, mjukuu wangu. Angekuwa hajakusamehe asingeula mkate wetu. Lakini kusamehewa ni kitu kimoja na kuaminiwa ni kingine. Watu wanaoitegemea lugha yako hawana macho mengine ila wewe. Uliuza imani yake kwa neno moja, na haitarudi kwa neno moja. Sema kweli leo, sema kweli kesho, hasa ile kweli usiyopenda kuisema, halafu uwe mvumilivu."

Ilikuwa tayari mwisho wa baridi Benedita alipompeleka mzee Arvid kwa daktari mjini. Daktari alipima kifua, akasema mambo marefu. Siku hiyo mzee alikuwa na furaha, kwani alikuwa amepanga safari ya kwenda baharini na wastaafu wenzake, na alikuwa ameizungumzia tangu asubuhi.

Benedita alimgeukia mzee. "Anasema mapafu bado hayajapona vizuri," alitafsiri. "Anasema safari ya baharini usiende, upepo wa huko utakurudisha nyuma. Samahani."

Mzee Arvid alimtazama. Daktari alikuwa palepale, muuguzi mlangoni, na wote wawili walijua Kiingereza kidogo.

"Ndivyo alivyosema?" aliuliza mzee.

"Ndivyo."

Mzee alinung'unika jambo kwa Kinorwei, akachukua koti lake na fimbo, akampa Benedita karatasi ya dawa aishike, wakatoka nje pamoja. Hakumuuliza mtu mwingine.