Mbuzi Hakukata Asumini

Kila asubuhi ya likizo ile, kabla ya kuketi kwenye cherehani, mama alifungua dirisha la chumba cha kushonea, akavuta harufu ya asumini mpaka kifua kikajaa, kisha akaita kwa sauti.

"Wewe mtoto! Umeshayachuma yale maua makavu?"

"Baadaye, mama!"

Jibu lilikuwa hilo hilo siku nenda siku rudi. Kuosha vyombo, baadaye. Kufagia uwanja, baadaye. Majirani walikuwa wameshalisahau jina alilopewa na wazazi wake, wakamwita Baadaye, naye akaitika bila haya. Alikuwa msichana wa miaka kumi na miwili, hodari darasani, mwepesi wa mdomo na mzito wa mikono. Ukimtuma chumvi dukani, utakula mboga chapwa.

Na kazi yenyewe, jamani, haikuwa ya kumtoa mtu jasho! Kichaka cha asumini kilisimama chini ya dirisha, kimo chake kikimfikia mtu mzima kifuani. Siku shule zilipofungwa, mama alimwonyesha kila kitu. Chuma maua yaliyokauka. Kata vijiti vilivyokufa. Mwagilia shinani kila jioni.

"Matawi mabichi usiyaguse mpaka yamalize kuchanua," mama alimwambia. "Unaviona hivi vitumba vyeupe, vidogo kama punje za mchele? Haya ndiyo maua yenyewe, hayajafunguka tu."

Akamkabidhi mkasi wa bustani. Baadaye aliutumia siku ya kwanza, akausahau nje, mvua ikaunyeshea usiku kucha. Ukashika kutu, ukawa haufunguki wala haufungiki.

Basi kichaka kikajiendea kilivyotaka. Matawi yakaingia dirishani, yakawa yanawachokoa wateja waliokuja kupimwa nguo. Maua makavu yalining'inia kila mahali, ya kahawia, yanatia huruma. Siku tawi moja lilipomvua mteja kilemba, mama alichoka kabisa.

"Sikiliza," alisema Jumamosi asubuhi, mikono imejaa sare za shule alizokuwa akizipeleka kwa wenyewe. "Nikirudi adhuhuri nataka nikikute hiki kichaka kimetengenezwa. Nikikuta bado, mimi na wewe hatutaelewana. Umenisikia?"

"Nimekusikia, mama."

Kusikia alisikia. Kisha akajilaza mkekani na kitabu cha hadithi. Alipoinua macho jua lilikuwa utosini, na kwa jirani sufuria za chakula cha mchana zilikuwa zimeshaanza kugongana. Aliruka kama aliyekanyaga kaa la moto!

Mkasi wa bustani uligoma. Aliuvuta, akaugonga ukutani, akauita majina ambayo mkasi haustahili kuitwa. Ndipo alipoingia chumba cha kushonea, na pale mezani palikuwa na mkasi mkubwa wa mama wa kukatia vitambaa.

Sasa, mtoto wa fundi cherehani anajua hata usingizini kwamba mkasi ule hukata kitambaa tu. Si karatasi, si kamba, si kucha. Ukikatiwa kitu kigumu, makali yanaharibika, na kitambaa cha mteja kinatafunwa badala ya kukatwa. Baadaye aliyajua hayo yote. Akauchukua.

Hakuwa na muda wa kutenganisha kikavu na kibichi, maana muda huo alishautumia mkekani. Alikata tu. Alikata huku amenuna, akikilaumu kichaka kwa kuota, na mama kwa kukipanda. Aliporudi nyuma kutazama kazi yake, hapakuwa na kichaka tena. Palibaki visiki vilivyomfikia magotini, na chini vitumba vyeupe vimetapakaa kama mchele uliomwagika. Akazoa matawi upesi, akayatupa kwenye shimo la taka, akafuta mkasi kwa gauni lake na kuurudisha mezani.

Hodi ya mama ikasikika. Kisha, "Ala! Nani? Nani amenifanyia hivi?"

Baadaye alifungua kinywa kusema ukweli. Lililotoka ni neno moja tu.

"Mbuzi."

Mbuzi mwenyewe mlimfahamu? Alikuwa beberu mwenye ndevu ndefu, anayetembea polepole na kutazama watu kwa dharau, ndiyo maana aliitwa Mheshimiwa. Alikuwa wa fundi seremala wa nyumba ya pili, lakini aliyemlea kwa chupa tangu akiwa kitoto ni binti wa seremala, aliyeitwa Kicheko kwa sababu alicheka kwa kila jambo. Kicheko na Baadaye walikuwa marafiki wa chanda na pete. Mwezi uliopita Mheshimiwa alitafuna kola ya shati la mteja wa mama, na seremala akaapa mbele ya watu wote: akirudia, anakwenda kwa muuza nyama.

Mama hakungoja hata kuvua viatu. Alivuka mpaka uwanja wa seremala, Baadaye akimfuata kwa miguu isiyotaka kwenda.

"Baba Kicheko! Hivi mimi na mbuzi wako tuna ugomvi gani? Juzi juzi kola, leo asumini yangu yote! Nimevumilia mpaka nimechoka!"

Seremala aliweka randa chini, akapangusa mavumbi ya mbao usoni.

"Asumini yote, jirani?"

"Njoo uone kama kimebaki kitu!"

"Baba, si yeye!" Kicheko alidakia. "Nilimfunga asubuhi kwa mikono yangu mwenyewe!"

"Kwa hiyo kamba ilijifungua?" Seremala alimwonyesha Mheshimiwa, aliyekuwa akizurura uwanjani huku akiburuta kamba. Alionekana kuchoka, hakuonekana kukasirika. "Nisamehe, jirani. Niliapa, na mimi si mtu wa kula kiapo na kukitapika. Jioni hii anakwenda."

Baadaye alitazama vidole vya miguu yake.

Walirudi nyumbani, wakala. Alijiambia atasema, ila kwanza mama apoe. Mama alipopoa, alijiambia atasema akimaliza kuosha vyombo. Alivyoviosha vyombo siku hiyo! Alivisugua mpaka sufuria zikang'aa ndani na nje, jambo ambalo halikuwahi kutokea, na bado hakusema.

Jua lilipoanza kushuka, Kicheko alikuja mlangoni. Macho yalikuwa mekundu.

"Nimekuja kuomba radhi," alisema. "Kwako na kwa mama yako."

"Radhi ya nini?"

"Nimefikiri sana. Labda sikukaza fundo. Nilikuwa na haraka ya kwenda kuchota maji." Akafuta pua kwa mkono. "Ni kosa langu, Baadaye. Anakufa kwa uzembe wangu."

Lo! Baadaye angeweza kuvumilia matusi. Angeweza kuvumilia hata kofi. Lakini rafiki yake alikuwa amesimama mbele yake akijitwisha kosa ambalo si lake, na huko nje seremala alikuwa tayari anamvuta Mheshimiwa kwa kamba kuelekea barabarani. Mbuzi aligoma kwa miguu yote minne, akilia.

"Mwacheni!" Baadaye alipiga kelele, akachomoka mlangoni. "Mwacheni jamani, si yeye! Ni mimi! Nimeikata mimi!"

Seremala akasimama. Mama akatoka na uzi mdomoni.

"Umesema nini?"

"Asumini niliikata mimi, mama. Sikufanya kazi siku zote, nikaogopa, nikakata kila kitu. Mbuzi hata hakuja kwetu."

Mama alitema uzi. "Ulikatia nini, na mkasi wa bustani una kutu?"

Baadaye alilikunjakunja gauni alilofutia mkasi.

"Nimekuuliza, ulikatia nini?"

"Mkasi wako. Wa vitambaa."

"Mkasi wangu wa *nini*?" Mama alishika kichwa kwa mikono miwili. "Yaani wewe mtoto! Ndiyo maana mchana kutwa hariri ya watu inatafunika, nami nalaumu kitambaa! Utaniua wewe! Utaniua siku si zangu!"

Kicheko alikuwa ameshamkumbatia mbuzi shingoni. Alimtazama Baadaye, na hakucheka.

"Uliniacha nilie mchana kutwa," alisema. "Ulikuwa unajua."

Baadaye alifuta machozi. "Nisamehe. Nilikuwa najua."

Hapo mama akamgeukia seremala, akashusha sauti ambayo Baadaye hakuwahi kumsikia akiishusha mbele ya mtu.

"Baba Kicheko, nilikuja uwanjani kwako nikakufokea kwa jambo ambalo hukulifanya. Hasira ilinipofua. Mbuzi gani anakata matawi yote kimo kimoja? Nisamehe sana, jirani."

"Yamekwisha, jirani." Seremala alimkabidhi binti yake kamba, kisha akamtazama Baadaye. "Umesema kabla sijafika kwa muuza nyama. Hilo nimelihesabu. Lakini ilibaki kidogo sana, mwanangu, na huyu asingerudi."

Hawakumwacha hivi hivi, msidhani. Jumatatu Baadaye aliubeba mkasi mpaka kwa mnoaji, akangoja juani mpaka makali yakarudi. Likizo yote iliyobaki alikata majani ya Mheshimiwa, na ilimchukua siku kadhaa kabla Kicheko hajamsemesha vizuri. Mkasi ule wa bustani aliusugua kwa mchanga na mafuta mpaka ukafunguka. Visiki akaviwekea samadi, akavimwagilia kila jioni, na siku moja akaona vichipukizi, vya kijani laini, viwili viwili pembeni mwa kila kifundo.

Muda wa kuvipunguza ulipofika, mama alitoka kusimama naye.

"Si hapo! Juu kidogo ya kifundo, na ukate mshazari ili maji yateremke. Hilo tawi linalomkwaruza mwenzake litoe. Usipunguze zaidi ya theluthi, tumeshachoka na visiki. Bandu bandu huisha gogo. Ungekata vijiti vitatu kila siku, tusingefika tulikofika."

"Ndiyo, mama." Baadaye alishusha mkasi. "Mama, niliogopa utanikaripia."

"Na ningekukaripia! Ningekukaripia mpaka majirani watoke nje, maana unanichosha, mtoto wewe. Lakini makaripio yangu huisha kabla ubwabwa haujaiva. Ule uongo wako ulinipeleka kumtukana jirani asiye na kosa, ukamfanya rafiki yako ajione muuaji, na ungeondoa uhai. Siku ukiharibu, njoo uniambie nikufokee. Kufokewa hakujamkata mtu." Akavuta tawi moja karibu. "Haya, hili limekauka. Kata."