Jina Lililosomwa Msalabani

Jioni ile nilikuwa najiandaa kwenda lindoni. Nimeshavaa sare, nafunga kamba za buti, simu ikalia. Alikuwa Hénock, mdogo wangu, ambaye huniita Yaya, yaani kaka, kwa video kutoka Uskoti.

"Yaya, angalia! Ndio ule musalaba ya soko nilikuambia."

Nikaangalia. Si msalaba hasa. Ni mnara wa mawe wenye nguzo, na juu yake farasi mwenye pembe moja. Zamani, alisema, matangazo ya mfalme yalisomewa hapo. Huku Berea, Johannesburg, jua lilikuwa linazama. Kwao giza limeshaingia na manyunyu yanadondoka. Uwanja ulikuwa mtupu.

Halafu nikasikia sauti. Nzito, ya taratibu... inasoma majina.

"Nani huyo?"

"Sijui. Siko namuona. Labda ni théâtre, muchezo ya batouriste."

Jina. Kimya. Jina. Kimya. Chumba changu kilinuka jiwe lililolowa, na Johannesburg haikuwa imeona mvua wiki nzima.

"Damien Paluku."

Nikaziachia kamba za buti.

Damien Paluku ni mimi. Kwetu Butembo, Paluku ni jina la kifungua mimba wa kiume. Hénock ni Kambale, wa pili. Lakini miaka mitatu iliyopita nilimpa pasipoti yangu avuke nayo, na huko Uskoti kila mtu anamwita Damien.

"Damien Paluku," sauti ikarudia.

Kwetu hata mtoto anajua: ukiitwa jioni na usiyemwona, huitikii.

"Usiitike," nikanong'ona. "Hénock, toka hapo!"

"Yaya... ni jina yako ndio inaitwa. Ao ni yangu?"

Ningeweza kuitika mimi. Nilijua hivyo palepale, na naona aibu kuandika haya: niliogopa. Nikaziba mdomo kwa kiganja.

"Damien Paluku!"

Miaka mitatu ya kuitwa jina hilo kwenye foleni za maofisini ikamponza.

"Présent!" akaitika ndugu yangu.

Simu haikukatika. Ilionyesha mawe tu, na mvua. Nikamwita, nikamwita, mpaka chaji ikaisha.

Asubuhi polisi wa kule wakanipigia kwa simu yake. Damien Paluku amekutwa chini ya mnara, moyo umesimama, hana hata mchubuko. Wakauliza mimi ni nani kwake.

"Mdogo wake," nikasema. "Hénock."

Mama bado sijamwambia. Nitamwambia tunamzika yupi? Maiti itafika Butembo na jina langu kwenye jeneza. Kazi nimeacha, maana lindoni huwa tunaitwa majina gizani. Nikiitwa, hata na mke wangu kutoka jikoni, siitiki mpaka nimwone anayeita.

Sijui yule msomaji alimtaka nani kati yetu. Na kama alinitaka mimi, sijui kama ameshagundua kwamba amechukua mtu mwingine.